HSP70, Nrf2 au BDNF: ni protini ipi ya kinga ya ubongo inayofaa tasnifu yako?

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika tasnifu kuhusu namna protini zinavyozilinda seli za ubongo hukutana mapema na majina matatu yasiyoepukika: HSP70, Nrf2 na BDNF. Yote matatu yameandikiwa makala nyingi mno na yote husifiwa kuwa kinga ya ubongo. Kwa sababu hiyo wengi huchagua lile linalotajwa zaidi katika machapisho ya karibuni, au lile ambalo msimamizi amelizoea. Naona uchaguzi wa namna hiyo huwagharimu, kwa kuwa protini hizi hazifanyi kazi moja, hazikai mahali pamoja wala hazipimwi kwa vifaa vilevile. Kabla ya kuuliza protini ipi ni bora, ni lazima mtafiti ajiulize katika ugonjwa anaouchunguza seli inauawa na nini.

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na mitokondria zinapoitumia oksijeni hiyo huzalisha pia mabaki yenye uwezo wa kuharibu mafuta ya utando, protini na DNA. Zaidi ya hayo, nyuroni zikishakomaa hazigawanyiki tena. Seli ya ngozi iliyojaa protini mbovu hufa na nyingine ikashika nafasi yake, ilhali nyuroni hubeba mzigo wake kwa miaka sabini au themanini. Miongoni mwa njia nyingi ambazo nyuroni hupotea, tatu ndizo zinazotuhusu hapa: protini kujikunja vibaya na kurundikana, oksidishaji, yaani uharibifu unaofanywa na mabaki hayo ya oksijeni, kuzidi uwezo wa seli kuudhibiti, na ishara za kuishi kutoka kwa seli jirani kupungua. HSP70 hukabili hali ya kwanza, Nrf2 ya pili na BDNF ya tatu, ingawa mipaka hiyo huvukwa mara kwa mara.

HSP70

Historia ya HSP70 ilianzia kwa nzi wa matunda. Ferruccio Ritossa, mwanajenetiki wa Italia, aliona kwamba kromosomu za tezi za mate za nzi waliopata joto kupita kawaida zilivimba katika sehemu fulani, dalili kwamba jeni za sehemu hizo zilikuwa zimewashwa, akachapisha matokeo hayo mwaka 1962. Mwaka 1974 Alfred Tissières na wenzake walionyesha kuwa mshtuko huo huambatana na kutengenezwa kwa protini mahususi, ambazo leo huitwa protini za mshtuko wa joto. Namba 70 ni makadirio ya uzito wake kwa kilodaltoni.

Utendaji wake unastahili kueleweka kwa kina, kwa sababu ndani yake ndimo zilimo nguvu na hatari zake. Protini iliyokunjwa sawasawa huficha ndani sehemu zake zinazokimbia maji. Ikiharibiwa na joto, sumu au uzee, sehemu hizo hujitokeza nje na kushikana na za protini nyingine, na hapo ndipo mrundikano unapoanza. Protini saidizi iitwayo HSP40 huichukua protini iliyoharibika na kuifikisha kwa HSP70, kisha huichochea HSP70 kuivunja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kwa tendo hilo HSP70 hujifunga imara juu ya sehemu zilizojitokeza. Baadaye protini nyingine saidizi, HSP110, husaidia kuondoa ADP, yaani mabaki ya ATP iliyovunjwa, ili ATP mpya iingie, HSP70 hufunguka, na protini iliyoshikwa hupata nafasi nyingine ya kujikunja. Mzunguko huu ukishindwa, kimeng'enya kiitwacho CHIP huitia protini hiyo alama ya yubikwitini, protini ndogo inayoashiria kwamba kitu ni cha kuharibiwa, na kuifanya ipelekwe kwenye proteasomu, mtambo wa seli wa kuvunja protini, ili ivunjwevunjwe.

Ushahidi wa kwamba kazi hii huokoa nyuroni ulipatikana tena kwa nzi. Maabara ya Nancy Bonini katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilionyesha mwaka 1999 kwamba kuongeza HSP70 huzuia kuharibika kwa seli za jicho la nzi kunakosababishwa na protini zenye mnyororo mrefu wa glutamini, zile za kundi la ugonjwa wa Huntington. Mwaka 2002 maabara hiyo ikaonyesha kwamba HSP70 huziokoa nyuroni za dopamini za nzi waliopewa alfa-sinyukleini ya binadamu, protini inayorundikana katika ugonjwa wa Parkinson. Katika majaribio ya mwaka 1999 mirundikano ilibaki ikionekana ingawa seli zilikuwa zimeokolewa. Hilo ni jambo la kuzingatiwa na yeyote anayepanga kutumia idadi ya mirundikano kama kipimo pekee cha mafanikio.

Udhaifu wake upo kwenye nyuroni zenyewe. Jeni za mshtuko wa joto huwashwa na protini iitwayo HSF1, ambayo wakati wa utulivu huzuiwa na HSP90 na HSP70 zilezile. Protini mbovu zinapoongezeka, HSP hizo hukimbilia huko, HSF1 huachwa huru, na molekuli zake tatu huungana na kuziwasha jeni. Mfumo huu hufanya kazi vizuri katika seli nyingi za mwili, lakini baadhi ya nyuroni, hasa za mwendo, huwa nzito kuuwasha hata zinapokuwa hatarini. Dawa zinazolenga njia hii nazo zimekuwa na safari ngumu. Arimoclomol, inayosaidia mwitiko huo kuongezeka, haikufaulu katika jaribio la awamu ya tatu kwa wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua nyuroni za mwendo, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021, ingawa mwaka 2024 iliidhinishwa nchini Marekani, ikitumiwa pamoja na miglustat, kwa ugonjwa adimu wa Niemann-Pick aina ya C. Ni muhimu pia kukumbuka kwamba HSP70, ikishirikiana na HSP40 na HSP110, inaweza kuzikata nyuzi za alfa-sinyukleini zilizokwisha kuundwa, na vipande vidogo vinavyobaki vinaweza, katika mazingira fulani, kuwa mbegu za mirundikano mipya. Nani alisema kukata ni kusafisha?

Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki, HSP70 ina swali lenye uzito mkubwa linaloisubiri. Ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao Louise Jilek-Aall aliukuta Mahenge nchini Tanzania miaka ya 1960 na ambao baadaye ulitesa watoto wengi kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, umehusishwa na mrundikano wa protini ya tau katika bongo za wagonjwa waliofariki nchini Uganda, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018. Tau ni miongoni mwa protini ambazo HSP70 na CHIP huzishughulikia. Kuuliza kama mfumo huu umeelemewa katika bongo hizo ni swali halali, na ni letu.

Nrf2

Tofauti na HSP70, Nrf2 haiigusi protini iliyoharibika. Ni kiwasha jeni. Seli ikiwa tulivu, Nrf2 hutengenezwa na kuharibiwa papo hapo, kwa kuwa protini iitwayo KEAP1 huishika na kuiwezesha kutiwa alama ya yubikwitini, hivyo huishi kwa takriban dakika ishirini tu. KEAP1 ina sistini, asidi amino zenye salfa, nyepesi sana kuathiriwa na vioksidishaji na kemikali kali. Zikiguswa, KEAP1 hushindwa kuiharibu Nrf2, ambayo hukusanyika, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha kundi kubwa la jeni za kinga: zile za kutengeneza glutathioni (molekuli ndogo inayozima vioksidishaji), kimeng'enya cha kinga NQO1, na kimeng'enya HO-1 kinachovunja heme, sehemu ya hemoglobini yenye chuma. Nrf2 ilitambuliwa mwaka 1994, na uhusiano wake na KEAP1 ukaelezwa mwaka 1999 na kundi la Masayuki Yamamoto nchini Japani.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba katika ubongo Nrf2 hufanya kazi zaidi ndani ya astrosaiti, seli zinazozihudumia nyuroni, kuliko ndani ya nyuroni zenyewe. Astrosaiti hutengeneza glutathioni na kuitoa nje, na vijenzi vyake huchukuliwa na nyuroni ili zitengeneze yake zenyewe. Mtafiti atakayepanda nyuroni peke yake kwenye sahani ya maabara, akaongeza kichocheo cha Nrf2 na kuona mabadiliko madogo, hatakuwa ameonyesha kwamba Nrf2 haifai. Atakuwa amemwacha nje mfanyakazi mkuu.

Kwa upande wa dawa, Nrf2 iko mbele. Dimethyl fumarate iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ala za neva, ingawa sehemu kubwa ya manufaa yake huenda inatokana na athari zake kwa seli za kinga ya mwili. Omaveloxolone iliidhinishwa mwaka 2023 kwa ataksia ya Friedreich, ugonjwa wa kurithi wa neva ambao ni nadra sana miongoni mwa Waafrika wa kusini mwa Sahara. Hata hivyo, kuwasha Nrf2 si jambo la heri tupu. Jaribio kubwa la bardoxolone methyl, dawa ya ukoo huohuo, kwa wagonjwa wa kisukari wenye figo zilizodhoofika, lilisitishwa mwaka 2012 kwa sababu ya matatizo ya moyo. Vilevile baadhi ya saratani za mapafu hubeba mabadiliko katika jeni ya KEAP1 yanayoiacha Nrf2 ikiwaka daima, na kwa njia hiyo uvimbe hujikinga dhidi ya tiba. Hoja ya saratani inaihusu HSP70 pia, maana seli za saratani huitegemea ili zistahimili msongo wao wenyewe.

Naongeza neno kuhusu mboga, kwa kuwa matangazo ya virutubisho yamelichafua suala hili. Sulforafani, ambayo kundi la Paul Talalay katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins liliitambua kwenye brokoli mwaka 1992, ni kichocheo halisi cha Nrf2, na vitangulizi vya kemikali za ukoo huo vimo pia katika kabichi na sukuma wiki. Lakini kiasi hutofautiana sana kati ya mbegu na mbegu, na kimeng'enya cha mmea kinachovigeuza huharibika mboga ikichemshwa kwa muda mrefu. Kula sukuma wiki ni vyema kwa sababu nyingi, lakini hakuna msingi wa kumwambia mgonjwa wa Parkinson kwamba vidonge vya unga wa majani vitamponya.

Umuhimu wa Nrf2 kwa ukanda wetu unaonekana wazi katika konzo. Ugonjwa huu hulemaza miguu yote miwili ghafla, hasa ya watoto na ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, baada ya majuma ya kula mhogo mchungu usioondolewa sumu vizuri. Ulielezwa Kongo mwaka 1938 na tabibu Giovanni Trolli, na mlipuko wake uliripotiwa Tarime nchini Tanzania katika miaka ya 1980. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye asidi amino za chakula, nazo ndizo hizohizo zinazohitajika kutengeneza glutathioni, ambayo sistini ni kijenzi chake. Mtoto anayeishi kwa ugali wa mhogo bila maharage, samaki wala nyama hupungukiwa salfa ya kuiondoa sumu na ya kujilinda dhidi ya oksidishaji kwa wakati mmoja. Hata Nrf2 ikiwashwa ipasavyo, jeni zake zitaagiza glutathioni ambayo malighafi yake haipo. Ni nadra kupata tatizo la afya ya jamii linalokaa karibu hivi na utaratibu wa molekuli.

Malaria ya ubongo nayo haiko mbali, kwani mwaka 2007 watafiti nchini Ureno walionyesha kwamba HO-1 huwakinga panya dhidi ya aina yao ya ugonjwa huo, ingawa kutoka kwa panya hadi kwa mtoto aliyelazwa ni safari ndefu.

BDNF

BDNF ndiyo maarufu kuliko zote, na naona umaarufu huo umeipita hali halisi. Yves-Alain Barde, David Edgar na Hans Thoenen waliisafisha kutoka kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982, wakifuata njia iliyofunguliwa na Rita Levi-Montalcini na NGF yake, protini nyingine inayokuza neva. Hutolewa na seli, hushikana na kipokezi TrkB kwenye nyuroni, na kuwasha ndani ishara zinazozuia seli kujiua na kuimarisha miunganiko yake. Umbo lake la awali, proBDNF, hupendelea kipokezi kingine, p75, na linaweza kufanya kinyume, yaani kudhoofisha miunganiko na hata kusaidia kifo cha seli. Kupima BDNF bila kutenganisha maumbo hayo mawili ni kuchanganya dawa na sumu katika chupa moja.

Jaribio la kuitumia kama dawa lilishafanyika. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,135 wa ALS waliopewa BDNF au dawa bandia kwa sindano chini ya ngozi, na BDNF haikuongeza maisha yao. Molekuli hiyo hudumu muda mfupi sana kwenye damu na haivuki vyema kizuizi kati ya damu na ubongo. Kilichobaki na nguvu ni mazoezi: mwaka 2011 kundi la Kirk Erickson lilifuatilia watu wazima 120 nchini Marekani, ambapo waliotembea kwa mwaka mzima waliongezewa takriban asilimia 2 ya ukubwa wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na ongezeko hilo liliambatana na mabadiliko ya BDNF katika seramu, majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Tofauti katika jeni ya BDNF iitwayo Val66Met, inayotumiwa sana katika tafiti za Asia na Ulaya, ni nadra kusini mwa Sahara, kwa hiyo tasnifu inayoitegemea itakosa watu wa kulinganisha.

Maabara inaruhusu nini?

Hapa ndipo mipango mingi mizuri hukwama. Glutathioni hupimwa kwa kitendanishi cha DTNB, ambacho hugeuka rangi ya manjano kinapokutana na salfa huru na husomwa kwa spektrofotomita kwenye nanomita 412. Utendaji wa NQO1 nao husomwa kwa kifaa hichohicho. Chuo chenye spektrofotomita moja inayofanya kazi na friza ya kuaminika kinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya Nrf2, ilimradi sampuli zitiwe asidi mapema, maana glutathioni huoksidika haraka ikiachwa mezani.

HSP70 inahitaji kingamwili, na kingamwili hizo zina mtego. Nyuroni ina kiasi kikubwa cha HSC70, ndugu ya HSP70 anayekuwepo wakati wote, na kingamwili nyingi hushika zote mbili. Mtafiti asiyesoma karatasi ya maelezo ataona mkanda mnene, alama ya protini kwenye kipimo cha kingamwili, kwenye sampuli zote na kuhitimisha kwamba tiba yake haikubadilisha chochote. Akitumia nzi, gharama hushuka sana, lakini nzi wa matunda hufugwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, umeme ukikatika mchana kutwa, nzi wa kundi la ulinganisho wanaweza kupata msongo wa joto kabla jaribio halijaanza. Nairobi, Arusha na Iringa wana nafuu ya hali ya hewa katika jambo hili, na ningependa lihesabiwe kama faida ya kweli.

BDNF hupimwa kwa ELISA, kipimo cha kingamwili kinachosomwa kwa rangi, na tatizo lake limo kwenye mrija wa damu. Chembe sahani huhifadhi BDNF nyingi na huiachia damu inapoganda, hivyo seramu huonyesha viwango vya juu mara nyingi kuliko plazma, majimaji ya damu isiyoachwa igande, na muda ambao damu imeachwa igande hubadilisha jibu. Kituo kimoja kikiacha mirija kwa nusu saa na kingine kwa saa mbili kwa kusubiri gari, tofauti itakayopatikana itakuwa ya usafiri.

Uchaguzi

Mwenye miaka miwili, bajeti ndogo na hamu ya tatizo la hapa kwetu, ningemshauri Nrf2, hasa upande wa konzo na lishe, kwa sababu swali liko wazi, vipimo vinawezekana, na jibu lolote litakalopatikana lina matumizi. Anayeandaa shahada ya uzamivu, mwenye ushirikiano na maabara yenye tishu za ubongo au koloni la nzi lililo imara, achukue HSP70, ambayo kwangu ndiyo yenye maswali ya kina zaidi, kwani inahusika na chanzo cha uharibifu wenyewe. BDNF ningewaachia madaktari, wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaofanya kazi na watu hai na wanaoweza kufuatilia kundi moja kwa miezi, na hata kwao ningetaka kipimo kikuu kiwe kumbukumbu au mwendo wa mtu, BDNF ikifuata nyuma.

Ikiwa bado mtu hajaamua, jaribio dogo la awali litamsaidia zaidi kuliko kusoma makala nyingine hamsini. Seli za SH-SY5Y, seli za binadamu zinazofanana na nyuroni na zinazotumiwa katika maabara nyingi, zipewe sumu ileile ambayo tasnifu inaihusu, kisha sampuli zichukuliwe baada ya saa 2, 6 na 24, na HSP70, NQO1 na idadi ya seli hai vipimwe kwa pamoja, ili ionekane ni mfumo upi unaoitikia kabla seli hazijaanza kufa. BDNF isiongezwe mpaka seli hizo ziwe zimekomazwa kwa asidi ya retinoiki, kwa kuwa kabla ya hapo TrkB yake ni kidogo mno. Tena, kwa sababu zilitokana na uvimbe wa neuroblastoma, kiwango chao cha msingi cha HSP70 kisichukuliwe kuwa cha nyuroni ya kawaida, na kila matokeo yalinganishwe na seli zilezile zisizopewa sumu, zilizopandwa siku hiyohiyo.